Picha Inaganda Kabla ya Mwezi Kuisha: Ni Kikomo cha Data, Msongamano au Ukuta?

Simu nyingi ninazopigiwa na wateja wangu hapa Mombasa, kuanzia Kibokoni hadi Bamburi, huanza hivi: "Fundi, intaneti ipo, WhatsApp inaingia, lakini TV imegoma." Na kabla sijauliza swali hata moja, mwenye simu huwa keshajiandikia dawa: anataka apandishiwe kifurushi. Hapo ndipo watu wanapotupa pesa. Picha kuganda, duara kuzunguka, sura za watu kufifia kama zimepakwa mafuta, yote hayo yanaweza kuletwa na sababu nne au tano zisizojuana. Kifurushi kikubwa hutibu moja au mbili tu kati ya hizo, na mara nyingine huzidisha ugonjwa.

Kwa hivyo usilipe kwanza. Tafuta karatasi, na kwa siku tatu kila picha inapoganda andika mambo matatu: tarehe, saa na chumba. Kikomo cha data, yaani GB ulizopangiwa kwa mwezi, hufuata tarehe. Msongamano hufuata saa. Ukuta hufuata chumba. Mteja akinisomea karatasi hiyo kwa simu, mara nyingi najua nibebe nini kwenye begi, au kama hakuna haja ya mimi kuja.

Kisha pima kasi. Programu za kupimia zipo nyingi na ni za bure. Kama una laptopu, iunganishe na rauta kwa waya. Kama una simu tu, simama nayo hatua mbili kutoka kwenye rauta. Waombe wa nyumbani wapumzishe simu zao dakika tano. Pima alfajiri, pima adhuhuri, pima tena saa 3 usiku, na uandike Mbps unazopata. Mbps ni megabiti kwa sekunde, si megabaiti. Megabaiti moja ina megabiti 8. Hesabu ninayoitumia kila siku ni hii: Mbps 1 ikitiririka saa nzima hula takriban GB 0.45. Iweke kichwani, tutaihitaji.

"Mwanzo wa mwezi ilikuwa safi, sasa ni ukungu mchana na usiku"

Hii ndiyo dalili ya kikomo chenyewe. Kasi hushuka siku moja, ghafla, na haipandi tena mpaka mzunguko mpya wa malipo uanze. Alama yake kubwa ni namba iliyonyooka. Umelipia Mbps 20, lakini ukipima alfajiri unapata 3, adhuhuri 3, usiku 3. Mtandao uliosongamana haukai hivyo, wenyewe hupanda na kushuka kama maji ya Kilindini. Namba ya chini isiyotikisika kutwa nzima imewekwa na mtambo uliopangwa kuiweka.

Kumbuka pia kwamba mwezi wa kikomo si lazima uanze tarehe 1. Huanza siku uliyolipia. Aliyelipa tarehe 12 anaweza kufika kikomo tarehe 3, akadhani haiwezekani kwa kuwa mwezi ni mchanga.

Kwenye masharti, jambo hili huitwa sera ya matumizi ya haki. Safaricom ilipoileta kwenye faiba ya nyumbani mwaka 2021, vifurushi vya chini viliwekewa GB 500 kwa mwezi na vya juu TB 1 (GB 1,000). Viwango hubadilishwa, kwa hivyo soma masharti ya mkataba wako wa leo, si ya jirani wala si ya mwaka juzi. Maneno "bila kikomo" kwenye bango huwa na maana ya kwamba hutakatiwa. Hayajaahidi kwamba kasi itabaki ile ile, na naamini mteja wa kawaida hafai kuachiwa aligundue hilo mbele ya TV iliyoganda.

Vikomo vyenyewe si vya aina moja. Kuna kinachopunguza kasi, ambacho ndicho cha faiba nyingi hapa. Kuna kinachokata kabisa mpaka ununue tena, kama bando za kawaida za laini ya simu. Na kuna kinachoongeza bili, ambacho ndicho kilichozoeleka Marekani: kampuni ya intaneti ya Comcast iliweka kikomo cha GB 250 mwaka 2008, kikaja kuwa TB 1 mwaka 2016 na TB 1.2 mwaka 2020, na aliyezidi hiyo TB 1.2 alitozwa dola 10 kwa kila GB 50, hadi dola 100 kwa mwezi. Nalitaja hili kwa sababu ushauri mwingi unaoupata ukitafuta mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya mteja wa huko, anayeogopa bili. Mteja wa Mombasa amekwishalipa mwezi mzima mbele. Shida yake ni ile wiki ya mwisho, anapokaa na huduma isiyofanana na ile aliyoinunua.

Ramadhani moja niliitwa Kibokoni na mama mmoja wa makamo. Nikampa shikamoo, akanipandisha ghorofani. "Tazama mwenyewe mwanangu," akaniambia, "nimelipia mwezi mzima na haya ndiyo ninayoyapata." Kwenye TV kulikuwa na matangazo ya moja kwa moja kutoka Makka, lakini picha ilikuwa imevunjika vipandevipande vya mraba, mahujaji na sakafu ya marumaru vimekuwa rangi moja. Rauta ilikuwa juu ya kabati la vyombo, taa zote kijani. Nikaunganisha laptopu kwa waya: Mbps 1. Nikasubiri robo saa, nikapima tena: Mbps 1.

Tukafungua rekodi ya matumizi kwenye simu ya mwanawe. GB 500 zilikuwa zimepitwa siku ya 19. Mama aliapa kwamba ndani ya nyumba ile hakuna aliyetazama filamu tangu mwezi uandame, na alisema kweli. Lakini TV haikuwa ikizimwa. Alipenda asikie sauti ya imamu akiwa jikoni anakanda unga wa mahamri, kwa hivyo matangazo yale yaliwashwa daku mpaka daku. Piga hesabu nami: picha ya 720p ya moja kwa moja (namba ya p ikiwa kubwa, picha huwa kali zaidi), tukiikadiria Mbps 2.5, hula GB 1.125 kwa saa. Saa 24 ni GB 27. Siku 19 ni GB 513.

"Kwa hivyo sauti peke yake haili data?" akauliza.

"Inakula mama, lakini kidogo." Redio ya mtandaoni ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata GB 0.06 kwa saa. Ukiiwacha usiku na mchana ni kama GB 1.4 kwa siku, na mwezi mzima ni GB 41 na ushei. Tukamuunganishia spika ndogo jikoni ipokee redio ya Qurani kutoka kwenye simu yake ya zamani, na TV ikabaki kwa tarawehe tu. Mwezi uliofuata hakunipigia.

Kwa wanaotazama filamu na tamthilia, hesabu hazina huruma zaidi. Netflix wenyewe hueleza kwamba mpangilio wa chini kabisa hula kama GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, picha ya HD hadi GB 3, na ya 4K, iliyo kali kuliko HD, hadi GB 7. Weka hayo juu ya GB 500. Kwa HD unapata kama saa 166, yaani saa 5 na nusu kwa siku, na hizo ni za TV zote za nyumba zikijumlishwa: ya baba sebuleni, ya watoto chumbani na tableti ya shangazi. Kwa 4K ni saa 71, saa 2 na dakika 20 hivi kwa siku. Na kama uko kwenye kifurushi kidogo kama kile cha GB 50 ambacho Starlink iliuza Kenya kwa shilingi 1,300 mwaka 2024, basi HD itakupa kama saa 16 kwa mwezi mzima. Hicho ni kifurushi cha barua pepe, masomo na WhatsApp. Hakikutengenezewa TV.

Sasa ule mtego niliougusia mwanzoni. Programu za video hazitumi picha kwa mkupuo. Hukata video vipande vya sekunde chache, na kila kabla ya kuvuta kipande hupima kasi iliyopo. Kasi ikiwa ndogo huvuta kipande chepesi, ikiwa kubwa huvuta kizito. Kwa hivyo mteja aliyekuwa na Mbps 10 akapanda Mbps 40 huku kikomo kikibaki kile kile, TV yake mpya itapanda yenyewe hadi 4K bila kumuuliza, na kikomo atakifikia mapema kuliko zamani. Nimemkuta mzee mmoja Nyali aliyelipa zaidi miezi mitatu mfululizo akifukuza tatizo lililokuwa likimkimbia kwa sababu hiyo. Ukipandisha kifurushi, uliza kwanza kikomo kimepanda kwa kiasi gani. Kasi iulize baadaye.

Dawa zinazofanya kazi, kwa mpangilio ninaoufuata mimi nikifika nyumbani kwa mtu:

Naanza na rauta. Rauta nyingi zina sehemu ya kumwekea kila mtumiaji kasi ya juu kabisa. TV ya sebuleni naiwekea Mbps 3. Kwa kuwa programu huvuta kulingana na kasi inayoiona, TV hiyo haiwezi tena kula zaidi ya GB 1.35 kwa saa, hata mtoto akichezea rimoti vipi. Kwa skrini ya inchi 32 au 43 ukikaa kwenye kochi, picha inatosha. Naipenda njia hii kwa sababu haitegemei mtu kukumbuka.

Kama rauta haina sehemu hiyo, ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa kivinjari na ubadilishe mpangilio wa matumizi ya data wa kila wasifu uwe wa kati. Kwenye YouTube ya TV itakubidi uchague ubora wa picha mwenyewe unapotazama, jambo ambalo watu huchoka nalo siku ya pili.

Halafu nakiangalia kile kidude cha TV kinachochomekwa nyuma. Ukiizima TV kwa rimoti, kidude kilichochomekwa stima ukutani kinaweza kuendelea kuvuta video peke yake gizani. Kizime kwenye swichi ya ukutani. Matangazo ya moja kwa moja ndiyo hatari zaidi, kwa sababu hayana mwisho wa kipindi.

Na watoto. Likizo ya Agosti na ya Desemba, katuni moja hutazamwa mara kumi na tano kwa wiki, na kila mara huvutwa upya kutoka mwanzo kana kwamba ni mara ya kwanza. Programu inayoruhusu kupakua itakuokoa: pakua mara moja kwenye tableti, waitazame mpaka wachoke.

"Mchana inakwenda vizuri, saa 2 usiku inaanza kuzunguka"

Hii si kikomo, hata kama ni tarehe 28. Namba zako zitakuonyesha: alfajiri Mbps 20, usiku 4, baadaye 7, halafu 2, na ikifika saa 6 usiku zinarudi. Mtaa mzima umeketi baada ya chakula cha jioni na wote wanachota kwenye bomba moja. Kisauni, Bombolulu na Mikindani naiona sana, hasa kwenye majumba ambayo mtu mmoja amevuta laini moja akawagawia wapangaji wa ghorofa zote. Mara nyingi hiyo laini ya kwanza ni ya nyumba moja, ina kikomo cha nyumba moja, na wanaoila ni familia kumi na mbili.

Kupandisha kifurushi hakusaidii kama bomba lenyewe limejaa. Muulize anayewagawia ana Mbps ngapi na wateja wangapi. Akikataa kujibu, umeshajibiwa. Kama unayo njia ya kuvuta laini yako mwenyewe, vuta. Kama huna, badilisha saa: pakua filamu alfajiri, tazama jioni.

Mechi za Jumamosi jioni zina tabia yake. Filamu huwekwa akiba ya dakika kadhaa mbele kwenye TV, kwa hivyo kasi ikiyumba kidogo huoni. Mpira wa moja kwa moja hauna akiba ya maana, sekunde chache tu, ndiyo maana filamu inaweza kwenda sawa na mpira ukaganda kwenye intaneti ile ile, saa ile ile. Shusha ubora hadi 720p kabla ya filimbi ya kwanza, usingoje mpaka igande.

"Sebuleni sawa, chumbani hakuna kitu"

Ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Mawimbi ya Wi-Fi hayapiti humo kwa raha, na yale ya 5 GHz, mkondo wa rauta wenye kasi zaidi, ndiyo hushindwa kwanza. Jaribio lake ni rahisi: beba simu na upime kasi hatua mbili kutoka kwenye rauta, kisha chumbani. Ukipata 20 hapa na 2 kule, kampuni haina kosa na kikomo hakijakuguza. Sogeza rauta itoke nyuma ya kabati, iwekwe juu, ielekee mlangoni au kwenye ngazi, maana mawimbi hupita kwenye uwazi. Nyumba ikiwa na ghorofa tatu, vuta waya mmoja hadi juu na uweke rauta ya pili huko. Vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani sivipendi: husaidia, lakini vingi hugawa kasi nusu.

"Kila kitu kinafunguka, ni video tu inayogoma"

Hapa kuna uwezekano wawili. Wa kwanza ni kwamba umeshafika kikomo na umebakiwa na Mbps 1: ujumbe na kurasa za habari huhitaji kidogo, kwa hivyo huoni tofauti mpaka uwashe TV. Wa pili ni kwamba kampuni inapunguza kasi ya video peke yake.

Kuutofautisha, pima mara mbili kwa dakika hizo hizo. Tumia Speedtest, ambayo hupima kasi hadi kwenye seva iliyo karibu nawe, kisha fast.com, ambayo ni ya Netflix na huvuta data kutoka kwenye seva za Netflix. Zikikaribiana, video haijaguswa. Ya kwanza ikisema 20 na ya pili ikisema 3, na ikawa hivyo siku tatu mfululizo, piga picha ya skrini zote mbili pamoja na saa, kwa sababu utazihitaji ukilalamika.

"Hatutazami chochote, na bado inaisha"

Sehemu hii ndiyo huleta ugomvi majumbani, kijana hulaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye rauta na uvihesabu. Nimewahi kukuta 23 katika nyumba ya watu watano. Nywila ilikuwa imempita mtoto, ikamfikia rafiki yake, ikafika kibanda cha viazi karai chini. Badilisha nywila, kisha uwape watu upya mmoja mmoja.

Halafu tafuta wale wanaokula kimya. Kamera ya ulinzi inayotuma picha kwenye hifadhi ya mbali usiku na mchana kwa Mbps 1 hula GB 324 kwa mwezi, na kamera mbili zitamaliza kifurushi cha GB 500 kabla hujawasha TV. Watu wengi hawajui kwamba data inayotoka huhesabiwa na watoa huduma wengi sawa na inayoingia. Ipange kamera itume tu kitu kinaposogea, au irekodi kwenye kadi yake ndani. Simu zinazopakia video zote za harusi kwenye hifadhi ya picha nazo zimo: harusi moja ya siku tatu, simu nne, utashangaa. Na mchezo mmoja mkubwa wa pleistesheni unaweza kuzidi GB 100 kwa kuupakua mara moja.

Kabla hujamshika mtu, zima Wi-Fi ya kila kifaa usiku mmoja, tazama rekodi ya matumizi asubuhi, kisha rudisha kifaa kimoja kila siku. Inachukua wiki, lakini jibu lake halibishaniwi.

"Imekatika kabisa"

Tazama kile kisanduku cha faiba. Taa iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatwa au umepindwa mahali. Hakuna cha kufanya ndani ya nyumba ila kuita kampuni, na usiuchomoe ule uzi wa faiba na kuupuliza kwa mdomo, mate na vumbi huuharibu zaidi. Taa zikiwa kijani na bado hakuna kitu, tazama kama malipo yamepita tarehe.

Na wakati mwingine tatizo liko baharini. Kebo za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na watu wa hapa hudhani kuwa karibu nazo kunawakinga. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo jirani zako wa kampuni zote hulia pamoja. Ndiyo njia ya kuijua.

Ukizungumza na kampuni

Mimi mwenyewe nilishushwa kasi nyumbani kwangu Tudor, siku ya 21, bila ujumbe wowote. Nilipiga simu mara tatu. Mara zote tatu niliambiwa nizime rauta na kuiwasha. Ujumbe wa kunijulisha kwamba nimefika kikomo uliingia siku mbili baadaye. Yule dada aliyenipokea hakuwa na ubaya, alisoma alichowekewa mbele yake, lakini siku mbili zile mke wangu alikosa darasa lake la jioni na mimi nilibadilisha rauta isiyokuwa na kosa.

Kwa hivyo usiseme "intaneti iko polepole", maana sentensi hiyo itakurudisha kwenye kuzima na kuwasha. Uliza hivi: "Naomba unisomee nimetumia GB ngapi tangu nilipolipa, kikomo changu ni GB ngapi, laini yangu imewekewa Mbps ngapi sasa hivi, na itarudi tarehe gani?" Andika majibu, jina la aliyekujibu na namba ya malalamiko. Kanuni za Ulinzi wa Watumiaji za mwaka 2010, zilizo chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, zinampa mteja haki ya maelezo kamili na ya wazi kuhusu masharti ya huduma. Kampuni isipokujibu, peleka karatasi yako ya tarehe, saa na chumba pamoja na picha za skrini kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Huwa wanauliza kwanza kama ulianza na kampuni, ndiyo maana namba ile ya malalamiko ni muhimu.

Umeshafika kikomo na zimebaki siku tisa

Usinunue bando la simu kuokoa TV, litakutoka usiku mmoja. Kwa Mbps 1 TV moja bado inaweza kuonyesha 360p, mradi simu nyingine zimetulia, kwa hivyo mpangiane zamu. Ukiwa na Mbps 3 unaweza hata kupata 720p kwenye TV moja.

Ila njia iliyowafaa wateja wangu wengi ni ya usiku. Chukua simu au tableti, chagua vipindi vya kesho, weka ubora wa kupakua uwe wa kawaida, ichomeke kwenye chaji na uiwache kuanzia saa 5 usiku hadi saa 11 alfajiri. Saa 6 kwa Mbps 1 ni GB 2.7. Kwa ubora wa kati hizo ni karibu saa 4 za kutazama, zikiwa zimekaa ndani ya kifaa, haziwezi kuganda.